Picha ya mgongo haisemi mguu unauma wapi

Mgonjwa anaingia na bahasha ya MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku), na kabla hajakaa ameshasema: "Daktari, mfereji wa uti wangu umebana." Maumivu yenyewe hajayataja.

Simlaumu. Mfereji wa kiunoni, unaopitisha neva ndani ya uti wa mgongo, hubanwa kweli na diski (mto ulio kati ya pingili) iliyotokeza, mifupa iliyoota na kano zilizonenepa, na bila picha hakuna anayeweza kupasua kwa usalama.

Lakini mwaka 1990 daktari wa mifupa wa Marekani, Scott Boden, na wenzake walipiga picha watu 67 ambao hawajawahi kuumwa mgongo. Kati ya wenye miaka 60 na zaidi, 21% walionekana na mfereji uliobana. Mmoja katika watano, na hawaumwi popote! Sasa mmoja wao apate ugonjwa wa nyonga, au mishipa ya damu ya miguu izibe. Picha itaonyesha ule mbano wa siku zote, nao utabebeshwa kosa la mwingine. Anaweza kupasuliwa vizuri kabisa na akarudi nyumbani na maumivu yaleyale.

Ndiyo maana naona daktari anayeuliza maswali kwanza anaonewa akiitwa mzembe. Mbano wa kweli una tabia yake: miguu huuma au kufa ganzi ukisimama na ukitembea, hutulia ukikaa au ukiinama. Anayesukuma kitoroli hufika mbali kuliko anayetembea wima. Mwenye mishipa ya damu iliyoziba hutulia kwa kusimama tu.

Watetezi wa kisu wana utafiti wa Marekani uitwao SPORT, wa 2008, uliowagawa wagonjwa wa mbano huu kwa kura: waliopasuliwa walipata nafuu zaidi. Sawa. Ila kati ya waliopangiwa wasipasuliwe, 43% walipasuliwa ndani ya miaka 2, na theluthi ya waliopangiwa kisu hawakukiona. Kura ikishavurugwa hivyo, unalinganisha watu waliojichagulia wenyewe. (Utafiti wa 2015 ulioona fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, inalingana na upasuaji una doa hilohilo, nakiri.)

Ganzi ya sehemu za siri, mkojo kugoma, au miguu kulegea ghafla: hapo hakuna mjadala, ni hospitali saa hiyohiyo. Na aliyefanya mazoezi kwa miezi bila kupata nafuu ana haki ya kuchagua kisu. Hata huyo, kupanua mfereji mara nyingi kunamtosha; utafiti wa Sweden wa 2016 haukuona faida ya kumwongezea operesheni ya kuunganisha pingili.