Seva Zinapohamia Mbali: Fundi wa Kompyuta wa Zanzibar Anapata Nini na Anapoteza Nini

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifunga msaada wake wa kawaida kwa Exchange ya 2016 na ya 2019, programu zinazoendesha barua pepe kwenye seva, yaani kompyuta kuu, ya ofisi yenyewe. Ofisi yoyote ya Unguja au Pemba iliyokuwa bado inatunza barua zake kwenye mashine iliyomo chumbani mwake, na iliyotaka kubaki na programu hiyo, ilibakiwa na njia mbili: kuhamishia kila kitu kwenye kompyuta za Microsoft zilizoko nje ya nchi na kulipia kila mtumiaji mwezi hadi mwezi, au kuendelea na seva yake kwa toleo jipya ambalo nalo lazima lilipiwe muda baada ya muda. Ile desturi ya kununua mara moja na kutumia mpaka mashine ichakae imekwisha.

Microsoft haiko peke yake. Adobe ilianza mwaka 2013, ilipotangaza kwamba programu zake za picha na uchapaji zitapatikana kwa malipo ya kila mwezi badala ya kuuzwa. Atlassian, inayotengeneza programu za kusimamia kazi za ofisi, iliacha kuuza leseni mpya za seva Februari 2021, na miaka mitatu baadaye ikafunga msaada kwa wale waliokuwa nazo. Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikatangaza mwisho wa leseni za kudumu za programu ambazo vyumba vingi vya seva duniani vimezitegemea. Wenye programu wameamua kwamba hawauzi tena, wanakodisha. Na kwa kiasi kikubwa wanachokodisha kinakaa kwao, kwenye kompyuta za mbali ambazo wenyewe wameziita wingu.

Mengi yameandikwa juu ya faida na hasara za jambo hili kwa kampuni. Mimi nataka kuliangalia kwa upande wa mtu ambaye ajira yake ilikuwa kuitunza ile mashine: fundi wa kompyuta wa wizarani, wa benki, wa hospitali, wa hoteli ya Nungwi au Kiwengwa. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na naona kwamba wanaoliogopa wingu na wanaolisifu wote wanapima kitu kisichokuwa chenyewe.

Nianze na haki ya wanaolisifu, kwa sababu ni kubwa kuliko tunavyopenda kukiri. Tarehe 10 Disemba 2009 umeme unaotoka Bara kupitia chini ya bahari ulikatika Unguja, na haukurudi mpaka Machi 2010. Kwa miezi mitatu nzima kisiwa kiliishi kwa jenereta. Wakati huo nilikuwa fundi mdogo katika ofisi moja ya Mjini, na kazi yangu ya kila siku ilikuwa kupima mafuta, kuwasha jenereta asubuhi, kusubiri betri zijae, kuwasha seva, na kuizima kwa utaratibu kabla mafuta hayajaisha. Kiyoyozi hakikuweza kuendeshwa kwa jenereta lile, hivyo tuliacha mlango wazi, na hewa ya bahari ikaingia na chumvi yake. Diski mbili ziliharibika ndani ya miezi hiyo. Nakala za akiba tulikuwa nazo, lakini zilikuwa juu ya rafu ya chumba kile kile. Waya mpya wa umeme uliofika Fumba mwaka 2013 umeleta nafuu kubwa, lakini chumvi, joto na unyevu wa masika havikuondoka. Mtu aliyepitia hayo hawezi kudai kwa moyo mweupe kwamba seva ya ofisini ni salama kwa sababu tu anaiona kwa macho.

Upande wa usalama nao una ushahidi wake. Machi 2021 yaligunduliwa matundu ya kiusalama katika Exchange ambayo wadukuzi walikuwa wameshaanza kuyatumia, na Microsoft ikatoa viraka kwa haraka. Waliokuwa wanatumia huduma yake ya barua ya mtandaoni hawakuguswa na matundu hayo. Walioguswa ni wale wenye seva zao wenyewe, na kati yao walioumia zaidi ni wenye fundi mmoja mwenye kazi kumi, au wasio na fundi kabisa. Hiyo ndiyo hali ya ofisi zetu nyingi ndogo. Fundi ambaye siku hiyo hiyo anatakiwa kurekebisha printa, kuvuta waya na kumwekea mkurugenzi simu mpya hawezi kushindana na kikosi cha watu wasiokuwa na kazi nyingine ila kulinda barua usiku na mchana.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo wauzaji hawayataji wanapokuja na maonyesho yao. Bei ni la kwanza, nami nitalipita haraka kwa kuwa kila mhasibu analijua: huduma hizi kwa sehemu kubwa hupangiwa bei kwa dola, na dola iliyokuwa karibu shilingi 2,330 mwishoni mwa 2022 ilipita 2,600 katikati ya 2024. Seva iliyokwisha kununuliwa haipandi bei. Ankara ya kila mwezi hupanda hata kama muuzaji hakugusa chochote, na muuzaji naye ana uhuru wa kugusa.

La pili ni bahari. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya intaneti ipitayo chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana kwa intaneti kudorora. Tukio hilo lilitufunza jambo ambalo wengi hatukuwa tumelifikiria. Kampuni kubwa za wingu zilipokuja kusini mwa Afrika ziliweka vituo vyao Afrika Kusini: Microsoft mwaka 2019, Amazon huko Cape Town mwaka 2020, Google huko Johannesburg mwaka 2024. Aliyechagua vituo hivyo kwa kuwa viko karibu zaidi kuliko Ulaya, uamuzi ambao kitaalamu ni sahihi kabisa, ndiye aliyejikuta upande wa pili wa mkongo uliokatika. Umeme ukikatika, fundi huwasha jenereta. Mkongo ukikatika kwenye kina cha bahari ya Msumbiji, hana la kuwasha. Hukaa akawaeleza wenzake kwamba meli ya matengenezo iko njiani. Sisi wa visiwani tumeutoa utegemezi wetu kwenye waya mmoja wa baharini tukauweka kwenye waya mwingine.

Lakini yote mawili, bei na bahari, ni mambo ya mwajiri. La tatu ndilo linaloigusa taaluma yenyewe, na ndilo linalonikosesha usingizi: chumba cha seva kilikuwa skuli.

Hakuna fundi mzuri ninayemjua hapa ambaye alijifunza kazi darasani peke yake. Kijana alitoka Taasisi ya Karume kule Mbweni au Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kule Tunguu, akaja fildi, akakabidhiwa kazi ndogo: abadilishe diski, aangalie kama nakala ya usiku imekamilika, asome kumbukumbu za makosa. Baada ya miezi akaachiwa kuirudisha seva iliyoanguka, mkubwa wake amesimama nyuma yake. Kwa njia hiyo alielewa barua pepe inasafiri vipi, hifadhidata inafungwa vipi bila kuharibika, na kwa nini jina la mtandao likikosewa herufi moja kila kitu husimama. Hoteli za pwani ya mashariki zilikuwa na nafasi za namna hiyo, kwa sababu mfumo wa kupokea wageni ulikuwa ndani ya seva ya hoteli, na ukikwama usiku wakati wa kufunga hesabu za siku, fundi aliitwa kutoka Mjini akaenda. Leo mifumo hiyo inafunguliwa kwenye kivinjari cha intaneti tu. Ikikwama, meneja anaandikia kituo cha msaada kilicho nchi nyingine, na fundi wa hapa anabakiwa na waya, kamera na Wi-Fi ya vyumbani. Hizo ni kazi za heshima, lakini si ngazi ya kumpandisha mtu.

Wauzaji wenyewe wameivuta ngazi hiyo kwa namna nyingine pia. Vyeti vya ufundi wa seva vya MCSA na MCSE, ambavyo vijana wetu walijinyima ili wavilipie, vilifungwa na Microsoft mwishoni mwa Januari 2021. Vilivyochukua nafasi yake vinahusu huduma zake za wingu na vingi vinataka kuhuishwa kila mwaka, ingawa ni haki kusema kwamba kuvihuisha hakulipiwi. ESXi ya bure, programu ya VMware ya kuendesha seva kadhaa ndani ya mashine moja, ambayo mwanafunzi aliweza kuiweka kwenye kompyuta kuukuu na kujifundisha nyumbani, Broadcom iliiondoa Februari 2024, kisha ikairudisha Aprili 2025. Kurudi kwake hakuniondolei hofu, kwa sababu kumeonyesha tu kwamba mlango huo unafunguliwa na kufungwa na mtu asiyetujua.

Watetezi wa wingu watajibu kwamba kazi haikufa, imebadilika, nami nakubaliana nao. Bado lazima awepo mtu wa kupanga nani aone nini, wa kuwafungia milango waliokwisha kuacha kazi, wa kusoma ankara na kugundua kwamba ofisi inalipia watumiaji ambao hawapo tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka masharti juu ya taarifa za watu kuvushwa nje ya nchi, na sharti kama hilo haliwezi kutekelezwa na ofisi isiyojua taarifa zake zimelala wapi. Nakala za akiba nazo bado zinamhitaji mtu, kwa kuwa muuzaji huahidi kwamba mashine zake zitafanya kazi. Haahidi kumrudishia mhasibu faili alilolifuta mwenyewe mwaka uliopita. Tena kijana wa Wete mwenye ujuzi huu anaweza kuihudumia kampuni ya Dar es Salaam au Dubai bila kupanda boti.

Ila njia hiyo ina pande mbili. Anayeweza kuihudumia Dubai kutoka Wete ana mwenzake Nairobi au Bangalore anayeweza kuihudumia Wete. Na kazi hizi mpya zote ni za mtu aliyekwisha kukomaa. Mimi nimeziweza kwa sababu nilizipitia za chini. Nikiona hitilafu kwenye huduma ya mbali najua kinachotokea nyuma ya pazia, kwa kuwa pazia hilo nilikuwa ndani yake. Kijana anayeanza leo anaonyeshwa vitufe vya kubonyeza. Siku vitufe visipojibu, hana pa kuanzia.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja. Visiwani kwetu tumezoea mtu kumiliki mkarafuu au mnazi wakati ardhi ulipoota ni ya mwingine, na kila mtu anajua haki yake inaishia wapi. Kukodi mashine ya mbali na kuweka humo programu yako mwenyewe ni kama hivyo: ardhi si yako, lakini mti ni wako, na kwa programu, tofauti na mti, unaweza kuung'oa ukaupanda pengine ukaishi. DHIS2, inayotumika Zanzibar kukusanya takwimu za afya, ni programu huria, yaani iliyo wazi kwa yeyote kuitumia na kuibadilisha, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo. Inaweza kuendeshwa kwenye seva ya hapa, ya Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, au ya nje, na popote itakapokuwa inataka wataalamu wa kuiweka, kuilinda na kuihamisha. Wingu la aina hii linaondoa jenereta na chumvi lakini linamwacha fundi na ufundi wake. Kukodi programu iliyokamilika, ambayo huwezi kuiendesha mahali pengine popote, ni jambo jingine. Huko ardhi si yako, mti si wako, na matunda unayachuma kwa muda uliolipia.

Kwa mizani hiyo, singepigania kuirudisha barua pepe chumbani. Vita hiyo imekwisha na sijutii. Mfumo wa wagonjwa wa hospitali ya Pemba ni tofauti, kwa sababu daktari anauhitaji hata siku mkongo ukikatika, na huo ningetaka uwe na seva ya hapa hapa, nakala ikiwa mbali. Mifumo ya hoteli nadhani imeshakwenda na haitarudi, hivyo la kudai ni kwamba mkataba utaje bayana namna hoteli itakavyochukua kumbukumbu za wageni wake siku ikihama, na kwamba fundi awepo wakati mkataba huo unasomwa, si kuitwa baada ya kutiwa saini. Mara nyingi nimeuona mkataba kwa mara ya kwanza siku huduma iliposimama.

Na kuhusu skuli tuliyoipoteza, jambo moja liko ndani ya uwezo wetu hata leo. Kila ofisi inayohamia wingu inaacha nyuma seva mbili au tatu ambazo bado zinawaka, na hizo huishia stoo mpaka zipigwe mnada kama chuma chakavu. Zikifutwa taarifa vizuri na kupelekwa Mbweni, Tunguu au chuo chochote cha ufundi cha Pemba, pamoja na programu huria na fundi mmoja mkongwe wa kukaa na vijana siku mbili kwa wiki, wanafunzi watakuwa na mashine wanayoruhusiwa kuiangusha na kuisimamisha tena kwa mikono yao.