Kesingi nzito inaonewa bure

Mtu wa baiskeli za milimani akitaka kuhamia tyublesi, yani tairi zisizo na tyubu ndani, swali lake la kwanza siku zote ni tairi gani nyepesi inayokubali silanti, ile dawa ya majimaji ya kuziba matundu. Juzi limerudi tena huku kwetu Arusha, jamaa mmoja tunayeshuka naye wikendi ameagiza tairi za Maxxis zenye kesingi, yani lile ganda la tairi lenyewe, ya EXO ambayo ni nyembamba, mbele na nyuma, nikamwambia ya nyuma angechukua DoubleDown, ile nene na nzito, wengine wakanirukia wote kwa pamoja, eti hizo ni tairi za watu wa mashindano wanaopandishwa mlima na gari, sisi tunapanda kwa miguu yetu wenyewe, gramu zote hizo za nini. Nimekaa nayo siku kadhaa, manake naona kesingi nzito inahukumiwa na watu ambao wengi wao hawajawahi kuifunga.

Wanaotaka nyepesi hawajakurupuka lakini. Ukitoka mjini kuelekea Kisongo na ukanda wote ule wa chini ya Monduli, kinachokumaliza ni mbigiri na miiba ya migunga, na hapo tairi nyepesi yenye silanti inafanya kazi sawasawa na nzito, hakuna ubishi. Mwiba unaacha tundu dogo la duara, upepo unaisukuma silanti kwenye lile tundu, ule utomvu wake unaganda, unaendelea kukanyaga pedali bila hata kujua kama ulichomwa. Nimeshawahi kung'oa mbigiri kumi na kitu kwenye tairi moja jioni nikiwa nyumbani, na presha haikushuka hata kidogo. Kwa mtu ambaye miaka yote alikuwa anatembea na viraka na gundi mfukoni hilo ni badiliko kubwa, kwa hiyo akikuambia tairi yoyote ya tyublesi inatosha, anasema alichokiona. Na juu Olmotonyi kwenye msitu wa misonobari, udongo laini na mizizi, tairi nyepesi ni raha tupu, inajikunja vizuri juu ya mizizi na kupanda hupati shida. Mtu wa kilo 55 ndo kabisa, kesingi nene kwake inaweza ikakataa hata kulegea, akaishia kuumia mikono tu.

Ila sasa tunamzungumzia mtu anayeshuka kwa kasi, anayeruka, anayeingia kwenye mawe na breki ameziachia. Huyo tatizo lake linabadilika na watu hawaoni linabadilika wapi. Mwiba unatoboa, jiwe linachana. Tairi ya nyuma ikigonga jiwe la kona kali, mpira unabanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu, au jiwe linapita ubavuni kama kisu, na ule mchaniko wa sentimita mbili hakuna silanti itakayouziba, itamwagika yote kwenye mguu wako. Plagi, kile kipande cha kuchomeka kwenye tundu, nayo inahitaji mpira mnene wa kung'ang'ania, kwenye kashata pale tairi inapokanyaga ardhi inakaa vizuri, ubavuni ambako tairi ni nyembamba na inacheza muda wote inachomoka.

Hii imenipata mwenyewe nikitokea Monduli Juu. Tairi ya nyuma ilikuwa ya ubavu mwembamba, ina wiki tatu tu, ikachanika kwenye mawe sehemu ambayo wala sikuwa na kasi ya kutisha. Plagi ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Nikakata kipande cha chupa ya maji nikakiweka ndani kuzuia ule mchaniko, nikatia tyubu, nikajaza upepo, nikashukuru Mungu. Kilomita mbili hazikuisha, mbigiri ikaingia kwenye tyubu. Yani ile kinga yote ya miiba niliyoinunua kwa kuhamia tyublesi iliondoka pale pale ubavu ulipochanika, nikarudi kuwa mtu wa tyubu kwenye ardhi ya mbigiri, tena bila viraka kwa sababu nilishajiona siku hizi sivihitaji. Nilitembea mpaka barabarani nikaomba lifti. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mimi shida yangu ni miiba tu, mawe siyajali, naona amekata hesabu katikati, manake jiwe ndo linalomfungulia mwiba mlango.

Nadhani hili wazo kwamba tyublesi maana yake wepesi limetokana na historia. UST, mfumo wa tyublesi wa kampuni ya Mavic, ilipoingia mwaka 1999 tairi zake zilikuwa na tabaka la ndani la kuzuia upepo usipite, zilikuwa nene na zilikuwa nzito. Baadaye silanti ikawezesha hata tairi nyembamba kushika upepo, kampuni zikapunguza mpira, na kwa vile unatoa na tyubu ya gramu 200 na kitu watu wakaanza kuhesabu kila kilichopungua. Wepesi ulikuja kama bahati ya pembeni. Faida yenyewe ya mwanzo kabisa ni kuendesha kwa presha ndogo bila kuogopa tyubu kung'atwa na rimu, na presha ndogo ndo inakupa mshiko, maana tairi inalalia ardhi badala ya kudunda juu yake.

Na hapa ndo naona tairi nyepesi inamgeuka mwenyewe. Chukua mtu wa kilo 75 hadi 80 anayeshuka mawe. Akiwa na kesingi nyembamba nyuma, kwa presha ya psi 22 atagonga rimu kila wakati, na kwenye kona tairi inajikunja ubavu mpaka inatema upepo kwenye ukingo wa rimu, unasikia pfff na baiskeli inayumba. Atafanyaje? Ataongeza. Psi 25, kisha 28, wengine nawajua wanafika 30 na zaidi. Sasa hapo umefika kwenye presha karibu na ile uliyokuwa nayo na tyubu, baiskeli inadunda, mshiko umepungua, na hela umeshatoa. Mwenzake mwenye kesingi nene anaendesha hiyo hiyo 22 au 23, ubavu unajisimamia wenyewe, tairi inashika. Kwenye mzani tairi yake imezidi, ila kwenye mteremko ndo inayofanya kile ambacho wote wawili walikitaka.

Tuje kwenye gramu, manake hapo ndo watu hawanielewi kabisa. Tofauti kati ya kesingi nyepesi na nzito kwa tairi ya inchi 29 ni kama gramu 250, inategemea na muundo. Robo kilo, ile robo ya sukari unayoagiza dukani. Mtu akiishika mkononi anaona ni kubwa, na kweli mkononi ni kubwa. Lakini mlima haupandi na tairi mkononi, unapanda na wewe, baiskeli, maji, vifaa, tuseme kilo 95 zote pamoja. Gramu 250 kwenye kilo 95 haifiki hata sehemu moja ya mia tatu. Kwenye mpando wa saa nzima, ukisukuma kwa nguvu ile ile, ni sekunde 9 au 10. Fanya tairi zote mbili nzito, ni sekunde 19. Nimezipiga hizi hesabu mara nyingi kwa sababu nilidhani nimekosea, ila ndo zilivyo. Hapo watu wanasema lakini uzito wa gurudumu unazunguka kwa hiyo unahesabiwa mara mbili. Ni kweli unahesabiwa kama mara mbili, ila pale tu unapoongeza mwendo, unapochomoka kutoka kwenye kona au kusimama na kuanza upya. Kwenye mpando wa mwendo ule ule robo kilo ni robo kilo, iwe kwenye tairi au kwenye chupa ya maji. Mtu yule yule anayegombana na mimi kuhusu gramu 250 anapanda na lita mbili na nusu za maji mgongoni na anashuka na lita moja hajaigusa, na hajawahi kulalamika kwamba maji yamemchelewesha.

Gharama halisi ipo, na wanaopinga tairi nzito wangeisema hii kuliko kuhangaika na mzani. Kesingi nene inakula nguvu kila inapojikunja, kwa hiyo kwenye lami unaisikia, inavuta. Ukiendesha kutoka mjini hadi Ngaramtoni kwanza ndo uanze kupanda, hiyo njia inakuwa ndefu. Ila hata hapo watu wanachanganya mambo mawili, manake mpira laini unavuta kuliko hata hiyo kesingi. Mtu anafunga nyuma tairi ya mpira laini kabisa kama MaxxGrip, anachoka, anasema kesingi nzito haifai, kumbe kosa ni aina ya mpira. Nyuma weka ganda nene na mpira mgumu kiasi, huo mpira laini upeleke mbele unakohitaji mshiko wa kukatia kona. Kwa kampuni ya Schwalbe angalia kesingi ya Super Gravity, kwa Continental angalia ile iliyoandikwa Enduro, hizo ndo ziko katikati, za Downhill kabisa kwa mtu anayepanda mwenyewe hata mimi sizipendekezi.

Wengine wanasema bakisha tairi nyepesi uweke sponji ndani. Sponji nzuri inaokoa rimu kweli, lakini sponji ya CushCore ile ya Pro peke yake inakaribia hizo hizo gramu 250 ulizokuwa unazikimbia, ubavu kutoka nje haulindi, na siku tairi ikichanika porini kuitoa hiyo sponji ili utie tyubu ni kazi ya kutoa jasho na machozi.

Kuna jambo moja la kwetu sisi ambalo kwenye video za wenzetu hutalisikia. Kule mtu akichana tairi Jumamosi anaingia dukani Jumamosi hiyo hiyo, kwa hiyo kubahatisha na nyepesi kwake ni hasara ya siku moja. Hapa tairi ya maana inakuja na mtu anayetoka Ulaya au Dubai au umeagizia Nairobi, tairi moja zaidi ya laki mbili, unasubiri wiki sita wakati mwingine. Halafu ikija, kuikalisha kwenye rimu unaenda sheli kuomba kompresa, ambayo mdomo wake ni wa vali ya gari, kama hukubeba kile kidude cha shaba cha kubadilishia umeenda bure, unarudi nyumbani ukaanze upya na povu la sabuni. Silanti yenyewe nayo kwa joto letu inakauka, miezi miwili mitatu unaongeza, na haipatikani kila mahali. Sasa tairi moja ikichanika ubavu ni msimu umekatika, siyo safari. Ndo maana wanaponiambia kesingi nzito ni ya matajiri wa mashindano naona ni kinyume kabisa, tajiri mwenye duka karibu ndo anayeweza kumudu tairi nyepesi. Asiye na tairi ya akiba ndo anayehitaji ile isiyochanika.

Jamaa yetu EXO zake zilishafika. Sijamwambia azirudishe, moja inamfaa mbele bila wasiwasi, mbele uzito wa mwili ni mdogo na tairi hailazimishwi kugonga kama nyuma. Ya pili bado iko na lebo yake, na yuko mwenzetu mmoja mwembamba anayependa kupanda tu Olmotonyi, kushuka anashuka taratibu, ile tairi kwake ni ya miaka miwili. Nimewakutanisha, wanaongea bei.