Hapa Hata Kindi Ana Historia Yake. Tanga Je?

Magharibi ya Germantown, katika Kaunti ya Montgomery hapa Maryland, Marekani, kuna kijiji kinaitwa Boyds. Reli, ziwa, nyumba chache zilizojificha kwenye miti, basi. Wiki iliyopita nilikatiza White Ground Road kukwepa foleni, nikaona pembeni kijumba cha mbao na mbele yake kibao. Nikaegesha gari nikasoma. Kumbe ilikuwa shule. Chumba kimoja cha futi 22 kwa 30, jiko la kuni la kupashia joto, na watoto Weusi wa darasa la kwanza mpaka la nane wakifundishwa humo pamoja tangu 1895 hadi 1936, enzi ambazo hawakuruhusiwa kukaa darasa moja na watoto wa Kizungu. Chama cha historia cha wenyeji ndicho kilichokikarabati. Watoto wa kawaida wa kijiji, kijumba cha kawaida cha mbao, na bado kuna watu waliona haifai kipotee.

Nilifurahi kweli. Halafu kabla sijafika Clopper Road nikaanza kukasirika, na hasira yenyewe haikuwahusu Wamarekani. Ilituhusu sisi watu wa Tanga.

Sisi tuna nini? Kilomita kama 20 kusini mwa mji, ukishika njia ya Pangani, unafika Tongoni: msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi yapatayo 40, mengine yenye nguzo, ya karne ya 14 na 15. Vasco da Gama alipopita pwani ile mwaka 1498 alikuta watu na miji yao. Mjini kwenyewe, Novemba 1914, jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India, watu wapatao 8,000, lilishushwa pwani likafurumushwa na kikosi cha Wajerumani cha watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika. Nyuki nao wakaingia vitani, hata wapo Waingereza walioamini kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao kwa makusudi. Makaburi ya vita ile yapo. Lakini mwulize kijana wa Ngamiani leo askari wale walipita mtaa gani, na nani katika babu zake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, ataangalia chini. Simlaumu. Aliyekuwa akiyajua hayo tumeshamzika, na kabla ya kumzika hatukumwuliza.

Kinachoniumiza zaidi ni habari ya Shaaban Robert. Pale Rockville, makao makuu ya kaunti hii, karibu na kituo cha treni, kuna kanisa la Kikatoliki la St. Mary's na makaburi yake madogo yanayopakana na barabara yenye magari mchana na usiku. Humo kalala mwandishi F. Scott Fitzgerald. Hakuzaliwa hapa, alizaliwa Minnesota. Ukoo wa baba yake ndio uliotoka huku, na hilo kwao limetosha kumfanya mtu wao. Alipokufa mwaka 1940 alizikwa makaburi mengine ya mji huu huu, na mwaka 1975 wakamhamishia hapo kwa wazee wake, wakachonga juu ya jiwe sentensi ya mwisho ya riwaya yake. Watu wanatoka mbali kuja kumwona. Wanaacha sarafu, kalamu, maua. Mimi nimekwenda, nimesimama pale, na mtu niliyemfikiria muda wote si yeye.

Shaaban Robert ni wetu wa kuzaliwa. Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Alipofariki mwaka 1962 Kiswahili chote kilifiwa. Tumemkariri shuleni, tumefanyia mitihani mashairi yake, tunamtaja kila tukitaka kumwonyesha mtu kwamba lugha yetu ina mabingwa. Sasa niambie, katika rafiki zako kumi wa Tanga, wangapi wamewahi kufika Vibambani? Wangapi wakipokea mgeni stendi wanaweza kumpeleka bila kuuliza njia? Mmarekani anamzungukia mtu aliyeunganishwa na mji kwa upande wa baba tu. Sisi, aliyezaliwa kwetu tunamwachia Baraza la Mitihani.

Najua yanayokuja. "Umepata makaratasi, sasa unatuona washamba." Nimeyasikia hayo tangu mwaka wa kwanza, na nayajibu kwa moyo mmoja: sijasema huku kila kitu ni bora. Mifuko ya plastiki Tanzania tuliipiga marufuku Juni 2019, kaunti hii tajiri imefika hapo Januari 2026, na hadi leo nawakumbusha majirani zangu hilo kwa kifua mbele. Wala sisemi kwamba Mmarekani ana kumbukumbu kutushinda. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta amekaa hapa muda mrefu kuliko mimi, na kibao cha Boyds hajawahi kukisoma. Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakwenda shule hata siku moja, lakini angeweza kukutajia nyumba zote za barabara yake pale Ngamiani: nani alijenga, nani aliuza kwa sababu ya deni, nani alioa wapi, na mwembe upi ulikatwa mwaka gani. Akili ya kukumbuka tunayo. Ila tumeiweka yote kwenye vichwa vya wazee, na tunaangalia vichwa hivyo vikienda kaburini kimoja kimoja.

Huku wanaandika hata habari za wanyama. Vitongojini kumejaa kindi weusi tititi, wanakimbizana kwenye nyaya za umeme na kuchimba bustani za watu. Nilidhani ni wa hapa tangu zamani. Sivyo. Waliletwa kutoka Kanada na kuachiliwa kwenye bustani ya wanyama ya taifa, Washington, mwaka 1902 na 1906, wakazaana wakavuka mpaka wa jiji mpaka kwetu huku. Nimeyajuaje? Imeandikwa. Nyenje wanaotoka ardhini kila baada ya miaka 17 nao wana kalenda: walitoka mwaka 2021, watu wakafagia maganda yao kwa koleo, na kila mwenye mtoto mdogo anajua wanarudi 2038. Hata mazimwi yao yana jalada! Kaunti jirani ya Prince George's wana hadithi ya mtu nusu mbuzi anayetembea na shoka usiku kwenye misitu ya Bowie. Iliwatia watu hofu mwanzoni mwa miaka ya 1970, magazeti yakaiandika, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maryland wakaenda kuwahoji wenyeji na kuhifadhi majibu yao. Hadithi ya kutishia vijana wanaoegesha magari gizani, wameichukulia uzito huo.

Basi niambie Amboni ina upungufu gani. Mapango yale tumekua tukiambiwa yanatokea Mombasa. Humo walijificha Osale Otango na Paulo Hamisi miaka ya 1950, wakisakwa na serikali ya kikoloni, na wazee wanasimulia namna walivyokuwa wakiwanyang'anya walowezi wa mkonge na kuwapa maskini. Humo humo kuna mizimu na watu wanaokwenda kuweka sadaka mpaka leo. Waongozaji wa watalii wanasimulia vizuri, nawapongeza. Lakini wale wazee waliowaona akina Osale kwa macho, waliopeleka chakula au waliohojiwa na polisi, nani amekaa nao na kinasa sauti? Mtu aliyekuwa na miaka 15 wakati ule sasa amepita themanini. Tunamngoja nini?

"Kwanza maji, kwanza barabara, mambo ya vibao baadaye." Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu, kwa sababu mama yangu naye bado anaweka ndoo akisikia bomba linakoroma. Lakini mimi nawauliza wanaoitoa: maji yakitoka kesho asubuhi saa zote, ndipo mtaanza kumhoji mzee? Mzee hatoki tena. Bomba linaweza kungoja bajeti ya mwaka ujao na likapona, pamoja na ubaya wake wote. Mzee wa miaka 84 haendi kwa bajeti. Halafu tusidanganyane kuhusu pesa. Kuhoji mtu kunataka simu ambayo kila kijana anayo mfukoni, na muda ambao kila jioni unaishia kwenye kubishana habari za Coastal Union na African Sports.

Mwingine ataniambia Wazungu wanaandika historia ili wajisifu. Wapo wanaofanya hivyo. Mbele ya mahakama ya Rockville waliweka mwaka 1913 sanamu ya askari wa upande uliopigania utumwa katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, ikakaa pale zaidi ya miaka mia, mpaka ilipoondolewa mwaka 2017. Na kule Bethesda, River Road, kuna makaburi ya Waafrika, wengi wao watumwa na wazao wao, ambayo katika miaka ya 1960 yalifunikwa lami yakawa maegesho ya magari ya jengo la ghorofa. Watu wanaegesha juu ya maiti za wenzao! Kwa hiyo msinifanye mtu aliyelewa Marekani. Lakini tazameni nani anayaongelea makaburi yale. Ni waumini wa kanisa dogo la Macedonia Baptist lililo jirani pale, pamoja na wazao wa waliozikwa. Wameandamana na mabango, wamekwenda mahakamani, wamefika hadi Mahakama ya Juu ya Maryland, na hawajanyamaza. Kwa nguvu za watu kama hao ndiyo maana leo North Bethesda kuna makumbusho ya Josiah Henson, mtumwa aliyetumikishwa kwenye shamba la pale pale, akatorokea Kanada mwaka 1830 na mkewe na watoto, akaandika maisha yake mwaka 1849. Nyumba ya bwana wake kaunti iliinunua mwaka 2006, makumbusho yakafunguliwa 2021. Nyumba ya mwenye kumiliki mtu sasa inaitwa kwa jina la aliyemilikiwa. Kama huko ni kujisifu, na sisi tujisifu hivyo.

Ndiyo maana sikubali tukiisukumia serikali peke yake. Shule ya Boyds iliokolewa na wanakijiji. Na Tanga mfano tunao nyumbani kwetu: watu wa shirika la Urithi waliligeuza Boma la zamani kuwa makumbusho, wakatundika picha za mji wa enzi hizo, na mtoto wa shule anaweza kuingia akaona babu zake walivyovaa. Hawakungoja mtu wa Marekani awafundishe. Wangapi kati yetu tulio nje tumewachangia? Tunachanga harusi, tunachanga misiba mpaka usiku wa manane, simu inalia na pesa inatumwa, na hilo ni jambo la kujivunia kwa sababu huku mtu anaweza kufiwa na mtaa usijue. Lakini hatujawahi kufungua mchango mmoja wa kurekodi wazee wa Tanga. Nimelitoa wazo hilo kwenye kundi letu la watu wa Tanga walio hapa Maryland, Virginia na Washington. Wanne waliitikia. Waliobaki walirudi kwenye mpira. Nitalitoa tena, na tena, mpaka wachoke kunisoma.

Shemeji yangu wa Chumbageni ndiye aliyenipa pingamizi la maana. Alinipigia akaniambia, "Kaka, weka vibao vyako, wiki ya pili vimeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu." Nikamwambia sawa, nakubali, mifuniko ya mitaro yenyewe inakwenda. Basi tusitumie chuma. Tongoni nguzo zile zilipambwa kwa mabakuli ya kauri ya Kichina, na mabakuli yaling'olewa yakaenda na wenye tamaa. Matumbawe na chokaa hakuna aliyeyataka, ndiyo yanayoonekana mpaka leo. Kuta fupi za mawe na chokaa, maandishi yamechongwa humo humo, kuanzia njia ya kwenda Vibambani, halafu pale pwani walipotua Waingereza mwaka 1914. Mafundi wa chokaa bado wapo pwani yetu, Pangani na kwingineko. Anayejua siku hizi wanatoza kiasi gani kwa ukuta wa mita mbili aniambie, ili mkutano ujao niende na hesabu kamili.