Msomaji Mkali na Jumamosi ya Mwandishi wa Mapishi

Maneno makali juu ya mapishi huja zaidi Jumamosi jioni na Jumapili mchana, saa ambazo watu wamepata nafasi ya kupika, wageni wamekwisha kukaa mkekani na sufuria imeharibika. "Pilau yako imetoka bokoboko, umenitia aibu mbele ya wakwe." Saa hiyo hiyo mwandishi yuko bustani ya Forodhani na wanawe, au ndiyo kwanza anarudi kutoka soko la samaki la Feri na samaki wake, na simu inalia mfukoni. Ajibu, au angoje Jumatatu?

Wanaosema ajibu papo hapo wana hoja nzito. Msomaji ametumia mchele, nyama na mkaa kwa bei ya leo kwa sababu aliamini maandishi ya mtu. Tena lawama yake, hata ikija na tusi, mara nyingi imebeba kipimo ndani yake. Tulitazame hilo la bokoboko. Maelezo yalisema nusu kilo ya mchele uliorowekwa na vikombe vitatu vya maji. Kikombe cha kupimia ni mililita 250, kwa hiyo vitatu ni 750, na hapo mchele huiva ukachambuka. Lakini kikombe cha chai cha nyumbani chaweza kuingia mililita 350, na vitatu vyake ni 1,050. Hiyo ni ziada ya mililita 300, na mchele ukiwa wa mavuno mapya, ambao hunywa maji kidogo kuliko uliokaa ghalani, pilau haina njia ya kupona. Kosa hapa ni la mwandishi: amepima mchele kwa mizani na maji kwa kikombe. Angepima vyote kwa chombo kimoja, mchele kimoja kwa maji kimoja na nusu, kikombe chochote kingefaa.

Au yule anayesema, "Ulituambia saa moja na nusu, maharage yangu yana saa tatu motoni na bado ni kokoto." Muulize anapikia wapi. Akisema Mbeya au Nairobi, jibu limepatikana: kwenye mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam au Mombasa. Yanatokota vilevile, ila moto wake ni mdogo. Maharage ya huko yarowekwe usiku kucha, maji ya kurowekea yamwagwe, kisha yatiwe kwenye sufuria ya presha. Aliyeandika akiwa pwani hakuwa na njia ya kuligundua hilo jikoni kwake. Msomaji mwenye hasira ndiye aliyemfikishia.

Hata hivyo, sikubali kwamba faida hiyo inadai jibu la Jumamosi. Raha za mwisho wa wiki ni sehemu ya kazi ya mpishi anayeandika. Anapokunywa urojo bila daftari, anapokaa barazani na kahawa chungu na kashata, anapopika kwa makadirio ya mkono bila mizani, hapo ndipo ulimi unaponoleka na pishi la mwezi ujao linapozaliwa. Mwandishi aliyezipoteza hurudia yale yale ya mwaka juzi.

Na jibu la haraka lina madhara yake. Ukiandika "soma vizuri maelezo" mbele za watu, mlalamikaji hupata watetezi, na mjadala huacha maji na mchele ukaingia kwenye malezi ya mtu. Baya zaidi ni sahihisho lisilojaribiwa. Ukiwatangazia wote wapunguze maji, wale waliotumia kikombe sahihi watakula wali wenye kiini Jumapili inayofuata. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilitoka mara moja kwa mwezi, na aliyetaka kumjibu mwenzake humo alikuwa na wiki nzima nzima za kupoa. Sisi ucheleweshaji huo inabidi tujiwekee wenyewe.

Kuna lango moja lisilofungwa hata siku ya sikukuu, nalo ni hatari. Mtu akiandika kwamba mihogo ilikuwa michungu na mtoto anatapika na kuona kizunguzungu, hajibiwi Jumatatu. Aambiwe mara moja waache kula na mtoto apelekwe hospitali, na maelezo yaondolewe hadi yatamke wazi kwamba mihogo michungu humenywa, hurowekwa siku tatu au zaidi mpaka ilainike, kisha hukaushwa juani. Sumu yake ndiyo inayohusishwa na konzo, maradhi ya kupooza miguu yaliyoonekana Tanzania, Congo na Msumbiji. Kwa ajili hiyo dakika kumi za kupitia ujumbe jioni, kwa kutafuta hatari tu, zinatosha. Bora zaidi macho hayo yawe ya mwenzako ambaye hakutukanwa.

Tusi tupu kama "Mumeo anavumilia tu" halina kipimo wala sufuria. Lifute, usijibu. Kitisho nacho kipigwe picha ya skrini, tarehe na namba zikionekana, kabla ya kumfungia aliyekituma, maana Tanzania ina sheria ya makosa ya mtandao tangu 2015 na Kenya tangu 2018, na polisi watataka ushahidi.

Jumatatu, pika upya kwa chombo cha msomaji na mchele wa aina yake. Likithibitika kosa, sahihisha na uandike tarehe juu ya maelezo, usibadilishe kimyakimya, kwa sababu wengine wameshanakili kwenye madaftari yao. Kisha mjibu kwa maneno machache: "Samahani kwa hasara. Kikombe nilichokusudia ni cha mililita 250; nimejaribu cha 350 na wali ukarojeka kama wako. Vipimo vipya hivi hapa."

Ugomvi wa nyanya ni jambo jingine. Wengi wa Zanzibar watakuambia pilau haitiwi nyanya, na jikoni nyingi za Kenya zinatia. Hapo hakuna cha kusahihisha isipokuwa kichwa cha habari: andika pilau ya wapi.