Mtafsiri wa banda umiza naye apewe mkataba

Jumamosi nilikwenda sinema hapa Köln. Filamu ya Kimarekani, lakini mwanzo hadi mwisho kila mtu anaongea Kijerumani, na ukumbini hakuna aliyeguna. Mama mmoja mtu mzima, jirani yangu wa kiti, alicheka mpaka akavua miwani. Nikawakumbuka wote walioniita mshamba pale Mtwara kwa kupenda muvi zilizotafsiriwa za banda umiza, vibanda vya video vya mtaani.

Huku ndiyo kawaida, sinema na televisheni. Anayetaka Kiingereza anatafuta onyesho lake maalumu. Na sauti zina wenyewe. Thomas Danneberg, aliyefariki mwaka 2023, kwa miaka mingi ndiye aliyemsemea Sylvester Stallone, na huyohuyo akamsemea Arnold Schwarzenegger. Robert De Niro sauti yake ya Kijerumani ni Christian Brückner, na watu wanamjua kwa jina. Mwaka 2025 waigizaji wa sauti wa Ujerumani walipiga kelele sauti zao zisitumike kuifundisha akili mnemba bila ridhaa wala malipo, na ombi lao likapata saini zaidi ya 75,000.

Sasa njoo kwetu. Msimu wa korosho, pesa ipo mkononi, banda limejaa mpaka mlangoni, watoto chini mbele kabisa, na kila mtu anaomba umeme usikatike kabla jambazi hajakamatwa. Mtafsiri anashusha sauti ya filamu, anapanda yeye. Peke yake ndiye baba, ndiye mama mkwe, ndiye polisi, ndiye mtoto anayelia. Mzee wa Kichina anapomkataza mwanawe kwenda mjini, mtafsiri anaiburuta sentensi polepole kama wazee wetu wanavyosema wakiwa wameumia, na kutoka benchi la nyuma mvuvi anadakia, "Msikilize baba yako, wewe!" Kazi ambayo huku ina mwandishi wa maneno, mwongozaji na waigizaji kadhaa studio, kwetu anaibeba mtu mmoja na kipaza sauti. Halafu tunamwita mhuni.

Najua litakalofuata: huyu kashapanda ndege, sasa anatufundisha maisha. Ndugu zangu, simfundishi mtu. Hili nimelipenda nikiwa Mikindani, kabla sijawa hata na pasipoti. Mwingine atasema kazi ile ni wizi, filamu hazina kibali. Sawa, sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999 na mwenye filamu ana haki yake. Basi anayeuza akatafute kibali, na mwenye kipaji aajiriwe kihalali. Mwingine atasema watoto hawatajua Kiingereza. Wajerumani ninaofanya nao kazi wamekua na katuni za Kijerumani, na Kiingereza wanakimudu vizuri tu, kwa sababu darasani mwalimu alikuwepo. Hapo kwenye mwalimu ndipo tungeanzia, kama tuna uchungu kweli na Kiingereza.

Kinachoniuma ni kwamba uwezo tunao na ushahidi tunao. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou kwa Kiswahili, sebule zikajaa, na Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam mwaka 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. StarTimes, kampuni ya ving'amuzi ya Kichina, wakaanza kushindanisha vijana wetu kwa sauti mwaka 2016, washindi wakaenda kufanya kazi Beijing. Tamthilia za Kituruki zinazosemeshwa Kiswahili kwenye Azam zinawakalisha mama zetu sebuleni mpaka wali unaungua. Hakuna anayeuita ushamba huo. Kampuni ikituwekea Kiswahili tunasema maendeleo. Kijana wa Chikongola, pale Mtwara, akituwekea, kwa utamu uleule na mara nyingine zaidi, tunamcheka. Hapana, hilo silikubali, na mniite mringo mkitaka.

Wenye ving'amuzi wanaonunua haki za filamu wasiishie kutafuta sauti Dar. Waje Mtwara na Lindi, waketi bandani usiku mmoja, wasikilize. Wakimpata mtu, jina lake liandikwe filamu inapoisha, alipwe kwa kila sehemu anayoisemea, na mkataba useme wazi kuwa sauti yake hailishwi mashine mpaka yeye mwenyewe akubali na alipwe.