Uji ukikamatwa haukomboleki

Kila operesheni ya kuwaondoa wachuuzi inapotangazwa, mama lishe na muuza mitumba huwekwa fungu moja. Mwanza tumelirudia kosa hili mara nyingi. Desemba 2016 wachuuzi waliondolewa mjini, Rais Magufuli akazuia. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wachuuzi vya shilingi 20,000. Oktoba 2021 wakapangwa upya, barabara zikapitika.

Halmashauri ina hoja za kweli. Kipindupindu kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kilifika mpaka huku. Mto Mirongo unakatiza mjini na kumwaga ziwani, kwa hiyo maji machafu ya vyombo yakitupwa mtaroni hayana safari ndefu. Mwenye mgahawa naye analipa pango na leseni, na ana haki ya kuuliza kwa nini jiko la mkaa limewashwa mlangoni kwake. Na anayelisha watu lazima apime afya. Sioni la kubishana hapo.

Ninachobisha ni adhabu. Muuza mitumba akikamatiwa mzigo leo, kesho akilipa faini anarudishiwa shati likiwa bado shati. Mama wa uji akichukuliwa ndoo yake saa mbili asubuhi, akifanikiwa kuikomboa saa tisa alasiri anakuta uji umechacha. Faini iliyoandikwa ni ileile kwa wote wawili, lakini huyu wa pili amepoteza na mtaji. Unga, sukari, karanga na mkaa wa jana vyote vilikuwa mle ndani ya ndoo. Hana stoo wala mzigo mwingine nyumbani. Fedha ya unga wa kesho ilikuwa itoke kwenye vikombe vya leo. Ndoo moja ikikamatwa, siku mbili zimekwenda, na wengi huishia kwenye mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, ambayo marejesho yake hayasubiri.

Nenda Mwaloni, soko la samaki na dagaa la Kirumba, kabla hakujapambazuka vizuri. Makuli wanapakia magunia ya dagaa kwenye malori. Kati yao anapita dada mmoja, deli la chapati kichwani, chupa mbili za chai kwapani, vikombe vitano vya plastiki vimetungwa vidoleni. Kuli haachi gunia kwenda kutafuta chai sokoni, anakunywa amesimama, anasema, "Dada, niandikie, lori likijaa nakulipa." Mpeleke dada huyu kwenye kizimba kilichotengwa mtaa wa tatu, wateja wake hawatamfuata. Chakula cha namna hii ndicho kinachomfuata mlaji.

Baada ya hapo anasuuza vikombe kwenye kindoo kidogo, maji yaleyale, mpaka yanabadilika rangi. Bwana afya akimkuta ana haki ya kukasirika. Ila mwulize kwa nini habebi maji ya kutosha. Maji ni mzigo, na anayejua kwamba wakati wowote atakimbizwa na mgambo hawezi kujitwisha lita ishirini. Kindoo kile ni kidogo kwa sababu lazima awe tayari kukimbia. Hapo ndipo naona operesheni inazalisha uchafu uleule iliotumwa kuuondoa.

Kama nia ni afya, wapewe kibali cha saa: Mwaloni alfajiri hadi saa tatu, stendi jioni, na masharti ya ndoo ya koki, sabuni na cheti cha kupima afya. Bomba likiwa karibu na wanapouzia, afisa afya atakuwa na cha kukagua na mtu wa kumkagua. Kibali hicho kitambulike kwenye halmashauri zote mbili, maana Kirumba ni Ilemela na katikati ya mji ni Nyamagana. Mchuuzi anayemaliza chai Mwaloni akapeleka chapati zilizobaki Makoroboi, katikati ya mji, anavuka mpaka wa halmashauri bila kubadilisha hata kikombe. Fedha ya ndoo za koki inaweza kutoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani wanayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Njia zibaki wazi, hilo lisimamiwe bila huruma. Lakini gari la mgambo linapotokea pale Mwaloni leo, yule dada anachomoka kati ya magunia na chai ya moto kwapani, na kindoo chake cha maji ndicho anachokiacha.