Foleni Mpaka Bafuni

Jana saa moja na robo jioni, nimejipaka sabuni kuanzia utosini mpaka katikati ya vidole vya miguu, maji yakanigeuka. Dakika tatu za mwanzo yalikuwa maji ya mtu aliyetoka kazini, ya nne yakawa maji ya kumwagia mtu aliyezimia. Nikapiga yowe, ambalo kwa kulinda heshima yangu naomba tuliite kikohozi.

Hizi hita smati za maji ya kuoga mnazijua, zile zinazowashwa na kuzimwa kwa mbali. Anakuja fundi anakufungia kile kidude, anakwambia bili itashuka, unasaini, yale maandishi madogo nani anayasoma? Mimi nilidhani smati maana yake itanijua mimi, baba mwenye nyumba, ninavyopenda maji yangu. Kumbe ina bosi wake huko kwenye umeme, yeye ndiye anaamua iwake saa ngapi.

Nikaita mama watoto, akasema subiri kidogo. Nikamwita mtoto anipenyezee simu mlangoni. Simu nayo kidole chenye povu haikitambui, nafuta kwenye taulo, haikitambui, nafuta tena, inaniambia nijaribu baada ya sekunde 30, na sekunde 30 zenye sabuni machoni ni muhula mzima wa shule. Kufungua apu, apu inataka apdeti. Haya, apdeti ikaisha, nikakuta kapicha ka jani la kijani na maandishi, "Asante kwa kuisaidia gridi leo!"

Gridi, yaani ule mfumo wa umeme wa nchi nzima, nimeisaidia? Saa ngapi? Nani kaniomba?

Nikapiga huduma kwa wateja. Muziki, muziki, simu yako ni muhimu sana kwetu, muziki. Akapokea dada mmoja mwenye sauti tulivu ya mtu aliyeoga vizuri. Na mimi nikakaza sauti, nikaongea kama niko ofisini na tai shingoni: "Habari yako dada, naulizia tu kuhusu hita yangu."

"Karibu mpendwa mteja. Kabla sijakusaidia, nitajie jina la mnyama wako wa kwanza kumfuga."

Mimi sijawahi kufuga hata kuku. Akaunti alifungua mtoto. Nikamuuliza kwa kupitia mlango, akajibu kwa sauti mtaa mzima usikie, "Sema Baba!" Nikasema, baba nini? "Hilo ndilo jibu, sema Baba!" Basi mtu mzima nikamwambia yule dada kwamba mnyama wangu wa kwanza anaitwa Baba. Akasema, "Sahihi kabisa."

Akaanza kunifungulia mafaili. "Naona tangi lako ni la lita 150 na maji ya moto yamebaki kidogo sana. Tuliipasha mapema mchana ili ijae kabla ya saa za kilele, yaani umeme unapotumika sana, ila kati ya saa kumi na saa kumi na moja mmeoga sana."

Mmeoga sana! Niliangalia juu kwenye dari, nikaangalia nyuma ya pazia. Mtu sijawahi kumuona maishani anajua nyumba yangu imeoga saa ngapi na kwa bidii gani, na ni kweli, wale watoto wawili walitoka kucheza wakakaa humo nusu saa kila mmoja. Nikamuuliza mbona sasa mwanzo maji yalikuwa ya moto? Akanieleza kwa upole kama mwalimu wa chekechea, maji ya moto ni mepesi yanakaa juu ya tangi, ya baridi yanaingilia chini, wewe unavuta ya juu, ukiyamaliza ndio unakutana na wenzako wa chini. Nimeshakutana nao dada, nimewafahamu.

"Si muiwashe basi?"

Hapo ndipo nilipopewa semina. Hita yangu inakula kilowati 3, sawa na taa 300 za wati 10. Nyumba elfu kumi zikiwasha hita kwa pamoja jioni ni megawati 30, na saa hizo hizo watu wanapika, wanapiga pasi, taa zote zinawaka na jua ndio limezama, kwa hiyo sola nazo zimeshaaga. Mzigo ukizidi umeme unaozalishwa, mitambo inaanza kupungua mwendo, na ikizidi hapo linakatwa eneo zima. Hita wanaanza nayo kwa sababu tangi linatunza joto, ukiizima kwa muda wa saa mbili au tatu mtu hajui. Mimi nimejua, nikamwambia. Akasema, "Pole sana mpendwa mteja."

Na sio kwamba saa za kilele zikiisha wanaziwasha zote kwa mpigo, la hasha, zikirudi kwa pamoja kila moja ina njaa zinatengeneza kilele kipya, pengine kibaya kuliko cha mwanzo. Kwa hiyo zinarudishwa kwa makundi. "Kundi lako ni la nne."

Yaani niko foleni. Benki foleni, hospitali foleni, sasa na bafuni kwangu mwenyewe, niko uchi, kundi la nne. Na hata likifika, lita 150 kutoka nyuzi 20 mpaka 60 zinataka kama yuniti 7, hiyo ni zaidi ya saa mbili kwa kilowati 3. Nikauliza hakuna kitufe cha kujitoa? Kipo, akasema, kwenye apu, Mipangilio, halafu Ushiriki, halafu Jitoe Leo. Kwa kidole kipi dada yangu? Hicho cha povu?

Na kinachoniuma wala sio gridi, hesabu nimezielewa, hata giza silipendi. Lakini kapicha ka jani wameweza kunitumia, wakashindwa nini kutuma "mzee, leo usijipake sabuni"?

Mama watoto akaja kuniokoa na birika la umeme. Mara nne, ndoo moja. Birika hilo linakula kilowati 2, saa za kilele, na hakuna aliyelizima.

Jirani mjuaji ananiambia leo mbona haya mambo ya zamani, New Zealand wanazima hita kwa ishara inayopita kwenye waya wa umeme tangu miaka ya 1950, na Wafaransa hita zao zinachemka usiku kwa bei nafuu. Sawa, hao walikuwa wamelala. Nilijaribu pia kuishusha iwe nyuzi 45 kusudi iwahi kufika, nikaambiwa hapana, tangi lisipofika 60 linafuga bakteria wa lejionela, wale wa homa ya mapafu. Kwa hiyo kumbe ningeweza kuwa na mnyama wa kufuga.

Ndio nikakumbuka kumuuliza yule mtoto kwa nini aliandika Baba. Akasema mashine ilitaka herufi nne tu. Nikamwambia, na "paka" je, si nne hizo hizo?

Akasema, "Paka hatujawahi kufuga."